Nimebaki na kazi za watu wawili na nywila ya bosi

Mshauri, shikamoo.

Nafanya kazi katika kampuni kubwa ya uwekezaji, mojawapo ya zile zinazosimamia fedha za mifuko ya pensheni, kampuni za bima na watu binafsi. Mimi si miongoni mwa wanaonunua na kuuza hisa. Niko upande wa ndani: tunahakikisha kilichonunuliwa kimelipiwa, kilichouzwa fedha yake imeingia, na mteja akidai fedha zake zinakwenda kwenye akaunti yake na si ya mtu mwingine. Ni kazi ambayo ikienda vizuri hakuna anayejua kama upo.

Miezi michache iliyopita tulipunguzwa. Asubuhi moja watu walianza kupokea mialiko ya kikao cha robo saa na idara ya rasilimali watu. Aliyeitwa alirudi kuchukua koti tu, kompyuta yake ilikuwa imeshafungwa. Mchana mkurugenzi akatukusanya tuliobaki, akasema kampuni inajipanga upya ili ikue na kwamba sisi ndio tulioaminiwa. Wiki hiyohiyo kampuni ikatangaza faida. Mtu mmoja nyuma yangu alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

Mwenzangu tuliyekuwa tunakaa naye meza moja ameondoka. Ndiye aliyenifundisha kazi, na mpaka leo namwita kaka. Sijampigia simu. Kila nikitaka kumpigia najiuliza nitamwambia nini: kwamba kiti chake kipo na kazi zake ninazo mimi?

Tangu siku hiyo ofisi imegawanyika. Wapo wanaosema kampuni hii bado ni afadhali kuliko nyingi: mshahara hauchelewi, bima ya afya ni ya uhakika, na ukilitaja jina lake kwenye usaili unasikilizwa. Wapo wanaosema tuondoke kabla ya awamu ya pili. Na wapo wasiosema lolote, wanakaa tu ofisini mpaka usiku hata kazi ikiwa imeisha, ili waonekane. Mimi nimejikuta kwenye kundi hili la mwisho na sijipendi kwa hilo.

Kazi zenyewe zimeongezeka mno. Zamani kaka alikuwa anaandaa malipo ya wateja, mimi naidhinisha. Sasa naandaa mimi, na kwa kuwa mfumo haumruhusu mtu mmoja kufanya vyote viwili, msimamizi wangu amenipa nywila yake ili niidhinishe pale anapokuwa kwenye vikao, na siku hizi yuko kwenye vikao kutwa. Anasema ni kwa muda tu.

Halafu kuna suala la hisa. Sehemu ya bonasi yangu hulipwa kwa hisa za kampuni yenyewe, ambazo huwa zangu kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Nikiacha kazi leo nadhani zile zilizobaki zitapotea. Nina nyingine nilizonunua kwa bei ya punguzo ya wafanyakazi, na hata pensheni yangu nimeielekeza humohumo, maana niliona kampuni ni imara.

Sasa tumeletewa dodoso la maoni ya wafanyakazi, wanasema halina majina. Niandike ukweli? Na je, niondoke au nibaki? Wakala mmoja wa ajira amenitafuta, sijamjibu, naona kama nitakuwa nawasaliti waliobaki. Halafu niambie, kwa nini sina furaha wakati mimi ndiye niliyepona?

Ni mimi,
Niliyebaki

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza maswali matatu au manne, yote ya haki. Lakini lile lililonifanya niache chai ipoe hukuliuliza. Umelipitia tu katikati ya barua kana kwamba ni malalamiko ya kawaida ya kazi kuwa nyingi: nywila ya msimamizi wako. Tutaanza hapo, na ukichoka kusoma baada ya hapo sitakulaumu.

Ule mpango wa mmoja kuandaa na mwingine kuidhinisha si urasimu wa watu wa kompyuta. Ndio ukuta unaotenganisha fedha za wateja na mkono wa mtu mmoja. Unaijua habari ya benki ya Barings ya London, nadhani, maana watu wa kazi yako husimuliwa mapema. Ilikuwa imeishi tangu mwaka 1762. Katika tawi lake la Singapore, Nick Leeson aliachiwa asimamie biashara ya masoko na papo hapo asimamie ofisi ya ndani inayohakiki biashara hiyo, yaani aliyefanya muamala ndiye aliyeukagua. Hasara alizificha kwenye akaunti namba 88888. Zilipojulikana, Februari 1995, zilikuwa zimefika pauni milioni 827, benki ikaanguka, na kampuni ya Uholanzi ya ING ikainunua kwa pauni moja.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia. Mimi kinachonikaa zaidi kichwani ni jambo la mwaka mmoja nyuma. Mwaka 1994 wakaguzi wa ndani wa benki hiyohiyo walikwenda Singapore, wakaona mtu mmoja ameshika vyeo viwili visivyopaswa kukaa mkononi mwa mtu mmoja, wakaandika kwamba vitenganishwe. Havikutenganishwa. Tatizo lilijulikana, likaandikwa, wakubwa wakaona linaweza kungoja.

Najua utasema, mimi si Leeson, mimi sijaiba hata senti. Nakuamini. Lakini mfumo haurekodi uaminifu wa mtu, unarekodi jina na saa. Siku malipo yatakapokwenda kwenye akaunti isiyo sahihi, hata kwa kosa la tarakimu moja, kumbukumbu itaonyesha wewe uliandaa na msimamizi wako akaidhinisha akiwa kwenye kikao chenye mashahidi kumi. Swali la kwanza litakuwa: nani alikuwa na nywila yake? Na jibu la msimamizi wako siku hiyo huenda lisiwe lile analokupa leo. Simsemi vibaya, simjui. Ninachojua ni kwamba mtu mwenye hofu ya kazi yake hukumbuka mambo kwa namna inayomfaa.

Huo ndio ugonjwa halisi wa kampuni ya uwekezaji baada ya watu kupunguzwa. Wakubwa hukata nafasi kwenye karatasi wakihesabu vichwa na mishahara. Kwenye karatasi ile huwezi kuona kwamba nafasi mbili zilikuwa mbili kwa makusudi. Aliyebaki anazibeba zote, anasifiwa kwa kujituma, na hakuna anayetambua kwamba kinga imeondoka pamoja na yule aliyerudi kuchukua koti.

Kwa hiyo, kuanzia kesho usiitumie tena nywila hiyo. Usingoje kikao wala siku ya utulivu. Mwandikie msimamizi wako barua pepe fupi isiyo na lawama, kitu kama hiki:

"Habari za kazi. Tangu mabadiliko ya idara nimekuwa nikiandaa malipo na pia kuyaidhinisha kwa kutumia ruhusa yako. Naona utaratibu huu unatuweka wote wawili pabaya endapo kutatokea kosa au ukaguzi. Naomba ateuliwe mtu mwingine wa kuidhinisha unapokuwa kwenye vikao. Mpaka hapo, malipo nitakayoandaa yatasubiri idhini yako mwenyewe. Naomba tushauriane ni yapi yapewe kipaumbele ili mteja asicheleweshewe."

Tazama ilivyo. Hukumshtaki, hukukataa kazi, na umemwachia njia ya kutokea. Akikujibu kwa mdomo, "acha mambo yako, endelea tu", mrudishie kwa maandishi kile alichokisema na ueleze kwamba utasubiri. Akinyamaza, una idara ya uzingatiaji wa taratibu, una usimamizi wa vihatarishi, una ukaguzi wa ndani. Kampuni ya ukubwa huo inavyo vyote vitatu, na kwa kawaida ina pia njia ya kutoa taarifa kwa siri. Nenda huko ukiwa na ombi la kutatuliwa tatizo. Na usiwafiche kwamba umeshaitumia nywila hiyo, maana kumbukumbu za mfumo zitawaambia hata usiposema. Aliyejitokeza mwenyewe na aliyefumaniwa hawasikilizwi sawasawa.

Jambo moja ambalo wenye hasira hukosea hapa: usijitumie nyaraka za kazi kwenye barua pepe yako ya nyumbani, wala usipige picha skrini yenye majina ya wateja. Unadhani unajikinga, kumbe umewapa sababu ya kukufukuza bila hata kiinua mgongo, tena sababu ya kweli. Andika kwenye daftari lako tarehe na kilichosemwa, bila jina wala akaunti ya mteja yeyote. Inatosha.

Sasa tuje kwenye maswali uliyouliza.

Wenzako wanaosema kampuni ni nzuri na wanaosema kimbia, wote wanasema kweli, ila kila mmoja anatazama kitu chake. Mwenye mtoto mgonjwa anatazama bima. Mwenye miaka michache kazini anatazama jina la kampuni kwenye wasifu wake. Aliyeona rafiki zake wakitolewa anatazama mlango. Maoni ya namna hii usiyapigie kura. Kampuni yenye maelfu ya watu haina hali moja. Ina wakubwa wengi, na ghorofa moja inaweza kuwa na amani huku ile ya juu yake ikiwaka. Hata lile kundi lako la kukaa mpaka usiku silidharau, ila nakwambia wazi: wanaochagua majina ya kupunguzwa mara nyingi wako mbali na meza yako na wanatazama gharama za kitengo kizima. Taa yako ya saa tatu usiku hawaioni. Nenda nyumbani.

Kuhusu faida iliyotangazwa wiki ileile, kicheko cha yule aliyejifanya anakohoa nakielewa, lakini biashara yenu ndivyo ilivyo. Kampuni kama yenu hula asilimia ndogo ya fedha inazozisimamia. Soko likishuka, fedha hizo hupungua thamani hata kama hakuna mteja aliyeondoka, na mapato hupungua nazo, huku mishahara ikibaki palepale. Mwaka 2022 ulikuwa wa mateso kwa sababu hisa na hatifungani (yaani mikopo ambayo serikali na kampuni hukopa kwa wawekezaji), ambazo kwa kawaida moja humfidia mwenzake, zilianguka pamoja. Juu ya hilo kuna shinikizo la muda mrefu zaidi. Tangu John Bogle wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard, Marekani, alipowafungulia wawekezaji wa kawaida mfuko unaofuata tu mwenendo wa soko zima, mwaka 1976, ada zimekuwa zikishuka, na mteja siku hizi anauliza kwa nini alipe zaidi. Ndiyo maana kampuni hupunguza watu hata mwaka mzuri. BlackRock, iliyo kubwa kuliko zote duniani katika kazi hii, ilitangaza Januari 2024 kwamba ingepunguza karibu asilimia 3 ya wafanyakazi wake, baada ya mwaka ambao soko lilipanda na fedha inazosimamia zikafika dola trilioni 10. Haikuwa inakufa.

Maana yake kwako ni kwamba kupunguzwa kwenu si ushahidi kuwa kampuni inazama, na faida si ahadi kuwa hawatarudi. Ukikesha unatafuta jibu la awamu ya pili unakesha bure. Angalia badala yake vitu vinavyoonekana: anayeondoka mwenyewe anajazwa nafasi yake au la, kazi za kitengo chako zinahamishiwa kwa wakandarasi au mji wenye gharama nafuu, msimamizi wako bado anaruhusiwa kuajiri au hata kalamu anaombea ruhusa. Hivyo vitakwambia mapema kuliko hotuba.

Haya, fedha zako. Hapa nitakuwa mkali kidogo, uniwie radhi. Unafanya kazi mahali ambapo kila mteja huambiwa atawanye uwekezaji wake. Wewe mwenyewe mshahara wako, bonasi yako, hisa zako na pensheni yako vyote vinategemea kampuni moja, tena ileile iliyokuonyesha kwamba inaweza kufunga kompyuta ya mtu kabla ya chakula cha mchana. Mteja angekuletea mpango kama huo ungemkalisha chini.

Hili limeshawaumiza watu wenye akili kuliko mimi na wewe. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilifilisika Desemba 2001, na mwaka mmoja kabla ya hapo zaidi ya nusu ya fedha za mpango wa pensheni wa wafanyakazi wake zilikuwa kwenye hisa za kampuni yenyewe. Kazi na akiba ya uzeeni vilikwenda pamoja. Benki ya Lehman Brothers ilipokwenda yenyewe mahakamani kuomba kufilisika tarehe 15 Septemba 2008, wafanyakazi wake walikuwa na sehemu kubwa ya hisa zake, na hao walikuwa mabingwa wa fedha wa Wall Street, si watu wa kudanganywa. Walidanganywa na ukaribu. Mtu huona kitu anachokiingia kila asubuhi kuwa imara kwa sababu tu anakiingia kila asubuhi.

Basi pensheni ihamishe kwenye mifuko iliyotawanyika, ikiwa mpango wenu unaruhusu, na mingi inaruhusu. Hisa ulizonunua mwenyewe kwa punguzo, panga kuziuza kiasi, lakini usikurupuke: kwa mtu wa kampuni ya uwekezaji kuna vipindi ambavyo hauruhusiwi kuuza, na kuna idhini ya kuomba kwanza. Omba. Kisha jenga akiba ya fedha taslimu ya kukutosha miezi kadhaa bila mshahara. Nusu ya hofu unayoniandikia itapungua hapo, na hiyo nusu haihitaji ruhusa ya mkurugenzi yeyote.

Zile hisa ambazo bado hazijawa zako ni habari nyingine, na umeandika neno lililonishtua: "nadhani". Usidhani. Toa mkataba, soma kipengele cha kuondoka. Mara nyingi anayejiuzulu hupoteza zilizobaki, na anayepunguzwa huachiwa zote au sehemu, zikaendelea kuja kwa tarehe zake. Utaratibu huu wa kuchelewesha bonasi ulipata nguvu baada ya mgogoro wa 2008. Mwaka 2009 Bodi ya Uthabiti wa Fedha ya kimataifa ilitaka sehemu kubwa ya bonasi za wakubwa wa taasisi za fedha icheleweshwe kwa miaka isiyopungua mitatu, ili mtu asichukue zawadi leo ya hatari itakayolipuka kesho. Lengo jema. Lakini kwa mtu wa kiwango chako hubaki kuwa kamba ya kukufunga usiondoke. Kwa hiyo pima kamba: piga hesabu ni kiasi gani hasa, baada ya kodi, kitapotea ukiondoka mwezi huu, na kiasi gani ukisubiri tarehe inayofuata ya kukabidhiwa. Watu wengi huvumilia mwaka mzima wa mateso kwa ajili ya kiasi ambacho hawajawahi kukiandika kwenye karatasi. Na mwajiri mpya anayekutaka kweli anaweza kukufidia sehemu ya unachokiacha. Hilo huombwa waziwazi katika fani yenu, si utovu wa adabu.

Ndiyo maana nasema mjibu yule wakala wa ajira. Kumsikiliza si usaliti. Waliobaki wenzako, naweza kuapa, nusu yao wameshamjibu. Charlie Trevor na Anthony Nyberg walichapisha utafiti mwaka 2008 ulioonyesha kwamba kampuni ikipunguza watu, hata wachache, wanaoacha wenyewe baadaye huongezeka. Wakubwa wenye akili wanalijua hilo na wanaliogopa. Mtu kama wewe, anayejua kazi mbili ambazo hakuna mwingine anazijua, miezi hii ana sauti kuliko alivyowahi kuwa nayo. Itumie kabla haijapoa: barua ileile ya kudai mwenye kuidhinisha ikishajibiwa, omba majukumu yako mapya yaandikwe, pamoja na cheo na malipo yanayolingana nayo. "Kwa muda" bila tarehe ni kudumu.

Niondoke au nibaki? Umeniuliza, nami sitakukwepa. Baki kwa sasa, lakini kwa sharti moja ulijualo wewe. Suala la kuidhinisha likitatuliwa kwa maandishi ndani ya wiki mbili tatu, kampuni hiyo bado ina watu wanaosikia, na unaweza kutafuta kazi nyingine polepole ukingoja tarehe ya hisa. Likipuuzwa, au ukionyeshwa kwamba umekosea kuuliza, ondoka hata kama hisa zitapotea. Hakuna bonasi inayolipa jina lililochafuka katika fani ambayo kila mwajiri mpya hukuchunguza kabla ya kukukabidhi fedha za watu.

Na kama wao watakuwahi, yaani mwaliko wa robo saa ukafika kwako, usitie sahihi kitu chochote siku hiyohiyo. Chukua karatasi, kaisome na mwanasheria wa kazi. Haki hutofautiana kutoka nchi hadi nchi: Marekani mwajiri wa watu 100 au zaidi kwa kawaida hudaiwa kutoa notisi ya siku 60 anapopunguza watu wengi kwa pamoja, Uingereza mwajiri anayekusudia kupunguza watu 20 au zaidi katika siku 90 hulazimika kushauriana nao kwanza, na mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka wawakilishi wa wafanyakazi washauriwe. Ya kwenu yajue sasa ukiwa na akili tulivu.

Dodoso: andika ukweli, lakini ukweli ambao ungeweza kuusoma kwa sauti mbele ya msimamizi wako. "Halina majina" katika kitengo cha watu sita maana yake ni kwamba wanakisia mara mbili tu. Andika kuhusu kazi kuzidi watu na kinga kupungua. Usiandike kuhusu nywila humo. Hilo lina njia yake, nimeshakueleza, na likitokea kwenye dodoso litaonekana kama umelivizia.

Kuhusu furaha, hapo huna kasoro. Joel Brockner wa Chuo Kikuu cha Columbia amechunguza wanaobaki baada ya upunguzaji tangu miaka ya 1980, na moja ya aliyoyaona ni kwamba aliyebaki hukipima kile alichokiona wakitendewa wenzake, na kadiri alivyokuwa karibu nao ndivyo moyo wake unavyoiacha kampuni wanapotendewa vibaya. Wewe umeona mwalimu wako akirudi kuchukua koti. Ungekuwa na furaha ningeshangaa zaidi.

Mpigie kaka yako leo jioni. Usimwombe radhi, maana hukumpunguza wewe, na ukiomba radhi utamlazimisha yeye akufariji. Wala usimsimulie mambo ya ofisi asipouliza. Mwambie umemkumbuka, kisha uliza anatafuta kazi ya namna gani. Kampuni nyingi kubwa hazitoi maelezo ya mfanyakazi wa zamani zaidi ya cheo na tarehe zake, lakini hakuna sera inayokuzuia wewe, kama mtu, kumweleza mwajiri mpya kwamba huyu ndiye aliyekufundisha kazi. Na yule wakala utakapomjibu, kama nafasi aliyonayo haikufai wewe, mpe jina la kaka, baada ya kumwomba ruhusa mwenyewe.